Nilivyompima Neema Vidole

Naona aibu kulisema hili, lakini mkishacheka mtanyamaza, basi sikilizeni: uchumba wangu ulivunjwa na rula. Tena rula yangu mwenyewe, ile ninayofundishia baiolojia hapa Kibaha.

Nilitaka kumvisha Neema pete kwao Kisarawe, na nilitaka iwe ya kumshtukiza, sasa saizi ya kidole nitaipataje? Nikajifanya naandaa somo. Nikamwambia lete mkono wa kulia, nikapima kidole cha shahada, nikapima cha pete, nikakizungushia na uzi (eti napima unene, mwongo mkubwa mimi), huku namweleza kwamba wanasayansi wanahusisha urefu wa vidole hivyo viwili na homoni alizopata mtoto tumboni mwa mama yake. Cha pete chake kilikuwa kirefu kuliko cha shahada. Neema akaacha kutabasamu, akaniambia jambo alilokuwa analijua mama yake tu: hospitali walimwambia homoni zake haziko sawa, anameza dawa, na anaogopa huenda asipate mtoto. "Usimwambie mtu," akasema. Nikaapa. Uzi nikaupeleka kwa sonara Maili Moja.

Siku ya siku, mshenga wangu, Mzee Kondo, alinionya mlangoni kabisa: "Leo mdomo wako niachie mimi. Muoaji ukweni hasemi."

Tukaamkia, tukakaribishwa, Mzee Kondo akasema yake kwa ufundi mpaka wakwe wakacheka, vigelegele vikapigwa, nikaushika mkono wa kushoto wa Neema. Pete ikagoma kwenye fundo la kidole. (Neema ana shoto! Kila siku namwona anakata vitunguu kwa mkono huo, ndio uliojaa, na mimi mwalimu mzima nimepima wa kulia.) Nikasukuma, akauma mdomo kwa maumivu, shangazi yake akaleta sabuni. Vigelegele vikakatika. Mama mmoja akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "Pete ikikataa, kuna jambo."

Hapo ningenyamaza tu. Mzee Kondo alinikanyaga mguu kabisa. Lakini mimi watu wakitulia wakanitazama najiona niko darasani, nikasema wasiwe na wasiwasi, mwili wa binadamu haulingani pande zake mbili, halafu vidole vya Neema ni vya kipekee, angalieni cha pete kilivyo kirefu, ni dalili tu kwamba tumboni alipata homoni nyingi za kiume.

"Za nani?" shangazi akauliza.

"Za kiume, shangazi. Ni kawaida."

"Homoni," akarudia polepole, kisha akamgeukia mama Neema. "Wifi, ndiyo zile dawa nilizomwona akimeza? Mlikuwa mnatuficha?"

Mama Neema akainama. Na mimi, nikidhani naokoa, nikadakia: "Hapana shangazi, zile dawa hazihusiani na vidole!" Yaani nikathibitisha mbele ya ukoo mzima kwamba dawa zipo. Kinachoniuma zaidi ni kwamba hayo ya vidole ni wastani wa watu wengi, huwezi kumsoma mtu mmoja kwa kidole chake, wala tabia wala uzazi, nami nalijua hilo vizuri na sikulisema.

Neema alikivua kile kipete kilichoishia katikati ya kidole, akanitia mkononi na povu lake. "Mwalimu," akasema, "nilikwambia wewe peke yako."

Alikuwa hajawahi kuniita mwalimu.

 Baadaye nilimbembeleza Mzee Kondo arudi akaniombee radhi, akaenda, akaja na jibu kwamba Neema amenisamehe ila hataki kuniona. Pete naiweka droo moja na ile rula. Nimeapa sipimi tena kiungo cha mtu, na nikiambiwa siri nitakufa nayo. Kiapo hiki ni chepesi kukitunza, maana tangu siku ile hakuna aliyeniambia siri.