Mluzi Kwenye Tepu

Mwaka ule wa vita Garissa ilikuwa na amri ya kutotoka nje usiku, basi watu walistarehe mchana, kwa Rage. Rage aliuza chai, lakini ukimwita muuza chai ananuna. Yeye alikuwa hakimu wa sauti. Santuri za fidla alizoachiwa na mzungu aliyehama alizisikiliza zote, akatoa hukumu: wamejitahidi, ila hakuna hata mmoja anayepumua. Roho yake hasa ilikuwa kwenye michezo ya kuigiza yenye nyimbo, ile ya Mogadishu. Ikija tepu mpya anafumba macho, anainua kidole, na wateja wote kimya.

Siku hiyo Qali alikuwa mlangoni na maziwa. Maskini mama huyu! Askari walipochukua mifugo, mwanawe Bulle alitoroka, na tangu hapo hakuna habari. Alibakiwa na ngamia mmoja jike. Wazee walikwisha kumshauri akubali kwamba mwanawe amekufa, na Ijumaa Bulle asomewe hitima.

Tepu ilikuwa imepenya mpakani Liboi ndani ya gunia la mchele, ya mchezo uliochezwa Mogadishu mwezi uliopita tu. Mwimbaji alikuwa na sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Ghafla, katikati ya wimbo, mtu ukumbini akapiga mluzi mrefu wa kuita ngamia kisimani.

"Mshenzi gani huyu!" Rage alifoka. "Kesho naifuta, narekodi nyingine."

Nje, ngamia wa Qali aliyekuwa amelala aliinuka.

"Rudisha," Qali alisema.

Rage alirudisha. Mluzi ulipolia tena, ngamia aliingiza kichwa mlangoni, akitafuta maji.

"Eeddo, shangazi yangu, ngamia ataitikia mluzi wowote," Rage alisema kwa upole, akapiga wake. Ngamia hakumtazama hata kidogo. Kila mchungaji ana mluzi wake, na huyu alinyweshwa na mtu mmoja tu.

"Huyo ni Bulle wangu," Qali alisema. "Wallahi, yuko hai." Akaketi chini palepale, akalia mbele za watu bila haya.

Hitima haikusomwa. Qali alikuja kila siku kusikiliza, na tepu ile haikufutwa. Ngamia aliyeitwa kisimani hadanganywi, lazima anywe, kwa hiyo Rage, kabla ya kuiwasha mashine, alitoka kwanza na ndoo, akaijaza maji na kuiweka mlangoni.