Gia Nilizozibana na Dada Niliyemsingizia

Naikumbuka siku niliyopewa boksi lile, mwanangu, kama vile nimelipokea leo asubuhi. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, tunaishi Mjimwema, hapa hapa Njombe. Mpangaji wetu, mpimaji aliyekuwa akienda na kurudi Mchuchuma kwa mambo ya makaa ya mawe, alikuwa anarudi kwao. Akaniachia gari la rimoti ambalo halijaunganishwa: vipande vitupu, skrubu ndani ya vifuko, mota, betri na kijitabu cha maelekezo. Nilicheka peke yangu kama mtu aliyekubaliwa posa.

Dada yangu Asifiwe, aliyenizidi mwaka mmoja, ndiye aliyenisomea kijitabu. Mimi ndiye sikumsikiliza. Tulipofika kwenye gia akaniambia niache nafasi kidogo kati ya gia ndogo ya mota na ile kubwa. Nikamjibu kwamba nimefungua baiskeli tangu darasa la nne, nikazibana mpaka zikakumbatiana. Yeye akachomelea waya za mota, maana mkono wake ulikuwa mtulivu kuliko wangu.

Siku ya kulijaribu niliwaita wanakwaya wenzangu uani. Gari likaenda hatua kumi hivi, likikwaruza na kuvuta kushoto, kisha likasimama. Mota ilikuwa ya moto hata haishikiki. Watu wakacheka, cheko la kirafiki tu, lakini mimi niliona aibu, nikatafuta wa kumtupia. Nikasema mbele ya wote, "Asifiwe, waya zako ndizo zimeniharibia gari."

Kesho yake akapanda basi kwenda Makambako kwa shangazi Melania, mwenye mashine ya kusaga.

Hapo ndipo ujinga wangu ulipokomaa. Nilikata waya zake nikaziunganisha upya, nikahamisha betri, nikalegeza magurudumu, nikakaza shokapu, vyote kwa mchana mmoja. Gari likagoma kabisa. Na Jumamosi vijana wa Makambako wenye gari kama lile walikuwa wanatungoja tushindane. Mwaliko ule tulikuwa tumeupokea wawili, mimi na dada.

Ijumaa nikalibeba gari kwenye kapu hadi Makambako. Nilimkuta shangazi amejaa unga mpaka kwenye nyusi. Tukaamkiana kamwene zetu, akaniuliza nimebadilisha nini. Nikataja kimoja, nikataja kingine, naye akazima mashine yake ili nimsikie vizuri.

"Umegusa vitu vinne kwa pamoja," akasema. "Hata likipona leo, hutajua limeponea wapi. Na kabla hujagusa hata kimoja ulikuwa umeshampata mkosaji. Mashine inasikilizwa kwanza, baba. Na dada yako vilevile."

Akaniagiza nirudishe kila kitu kilivyokuwa. Lakini waya nilikuwa nimeshazikata, na aliyejua kuzichomelea vizuri ni Asifiwe. Nikamkuta nyuma ya nyumba anapepeta maharage. Maneno niliyoyapanga ndani ya basi yalinitoroka yote. Nikamwambia tu, "Dada, nilikusingizia. Nisamehe."

Akaweka ungo chini, akauliza gari liko wapi.

Alipomaliza kuchomelea, tuliliinua magurudumu yakiwa hewani, tukawasha rimoti kwanza, kisha gari. Shangazi akainamisha kichwa, akasema linalia kama mashine yake mkanda ukikazwa mno. Asifiwe akalegeza mota, akachana karatasi ya daftari, akaipitisha katikati ya zile gia mbili, akakaza mota, kisha akaichomoa. Ikabaki nafasi nyembamba kama karatasi yenyewe. Mlio ukawa mwororo. Ndipo tukageukia usukani. Tulichomoa mkono wake, kile kijiti kinachogeuza magurudumu, tukaacha kimota chake kijiweke katikati kikiwa na umeme, halafu tukaurudisha. Gari likanyooka. Shangazi alipiga vigelegele, akacheza na unga wake wote.

Jumamosi, kwenye sakafu ya kuanikia mahindi, aliyeendesha ni Asifiwe. Tulikuwa wa pili kati ya magari mawili, maana kwenye kona ya mwisho alilipeleka moja kwa moja kwenye gunia la pumba. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Sijawahi kufurahia kushindwa namna ile.

Basi mwanangu, wewe ambaye gari lako la kwanza limeshagoma, nakuusia hivi. Soma maelekezo hata kama unaona unajua. Badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uguse kingine. Kabla hujamlaumu mtu, kagua kazi ya mikono yako mwenyewe. Na ukigundua kosa ni lako, nenda ukaseme siku hiyohiyo. Mimi nilichelewa siku nne, na ningeweza kuzirudisha ningezirudisha.

Mungu akupe sikio sikivu na subira ya skrubu ndogo, na kila mlango utakaoubisha kuomba radhi, ukute mtu wa kukufungulia.