Kinyozi na Ndege wa Uani

Kinyozi akisikia ndege akilia uani, hana tena habari na kichwa cha mtu. Huzima mashine, hufuta mikono kwenye aproni, huchukua kamera yake ndogo yenye lenzi ya kuvuta mbali, akanyata kutokea mlango wa nyuma na kumwacha mteja kitini, shuka shingoni. Mkewe, anayeshona chumba cha pili, huyajua yote kwa masikio: lenzi ikirefuka, zzzz, kama shingo ya kobe, kimya, mabawa, halafu mumewe akimkemea ndege kwa sauti ileile ya wateja, "Si nimekwambia usitikisike?" Picha za matawi matupu anazo tele.

Leo ndege mmoja wa manjano, mdogo kama ndimu, akashuka mwenyewe na kutua juu ya lenzi. Kinyozi akaganda.

"Mke wangu," akanong'ona, "usije."

Mkewe akaja. Nyuma yake akaja mteja, kanyolewa upande mmoja, na usaili wa kazi unamsubiri.

"Mpige picha basi, tumalize!" mteja akasihi.

"Nimpigeje, naye kaikalia kamera?"

Kamera, kwa kuachwa bila kazi, ikaanza kujizima. Lenzi ikarudi ndani polepole, zzzz, ikamleta ndege mpaka puani kwa kinyozi. Wakatazamana. Ndege akainamisha kichwa, akang'oa unywele mmoja wa sharubu, akaruka nao.

Kinyozi hakutikisika hata kidogo. Akamgeukia mteja, machozi yakimlengalenga.

"Umeona? Hivyo ndivyo mtu anavyotulia akinyolewa."