Sekunde Kumi za Kamera ya Mwalimu
Jumapili nilikuwa Kishanda kwa bibi mmoja ambaye ukimwi umemwachia wajukuu watano, wote wasichana. Shangazi yao wa Mwanza anataka kuwachukua, eti bibi kazeeka, hawezi kulea. Bibi akaamua kumjibu kwa picha, na mwalimu jirani naye awemo kama shahidi.

Mwalimu alikuja na kamera ya dijitali ya kuazima, akanikataza hata kuigusa. Alibonyeza vitufe bila kumsalimu mtu. Alitaka ipige picha yenyewe. Kamera ikamuuliza tarehe, ikamuuliza lugha, kisha ikazimika. Hatimaye taa nyekundu ikaanza kuwakawaka.

“Sekunde kumi!” akapaza sauti, akakimbia kujiunga na bibi na wajukuu waliokwisha kujipanga.

Wasichana kuona mwalimu anawajia, wote wakapiga magoti kumsalimia, kama msichana wa Kihaya afunzwavyo nyumbani. Kamera ikalia kacha!

Tukachungulia kioo: bibi kasimama wima, mwalimu mdomo wazi, na chini yao vichwa vitano vimeinama. Waliounda saa ile ya sekunde kumi hawajawahi kufika kwetu.

“Naifuta, tupige nyingine,” mwalimu akasema.

Bibi akamshika mkono, akamwita kwa heshima ya Kihaya. “Mwalimu waitu, acha. Shangazi yao anauliza kama wanalelewa. Mpelekee hiyo hiyo.”