Lumpia Zilizopita Kwenye Kichujio

Wulansari alikuwa fundi wa programu katika tovuti ya kuagizia chakula mjini Surabaya. Mchana mmoja, akikagua kichujio cha "bila karanga", aliona lumpia, zile sambusa ndefu za kuviringishwa, zenye mchuzi wa karanga zimejitokeza kama kawaida. Swali aliloiandikia hifadhidata ili kuchuja vyakula liliondoa vyenye lebo kuu ya "karanga" tu. Vyenye lebo ndogo zilizo chini yake, kama ile ya mchuzi wa karanga, halikuvigusa.

Mwanawe Damar akila karanga huvimba koo, na leo alikuwa kwa bibi yake, ambaye huagiza chakula kwenye tovuti hiyo hiyo.

Akampigia; simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikapokewa.

"Ibu," akamwita mama yake, "Damar anakula nini?"

"Lumpia. Nimechagua zisizo na karanga, usinifundishe kulea."

"Mnyang'anye! Zina karanga!"

Alisikia sahani ikivunjika, kisha mtoto akaangua kilio.

"Alikuwa hajang'ata," Ibu akasema, akihema. "We Wulan, hiyo mitambo yenu inataka kutuulia mtoto?"

Wulansari akaivuta kibodi. Akaliandika swali upya, lishuke hadi lebo ya chini kabisa.