Kambi ya Reli Ndogo

Shangazi yangu alituambia kwamba anakwenda Koboko kutafuta mabati. Ilikuwa mwaka 1975, mvua za kwanza zilikuwa karibu, na paa la jiko lake pale Arua lilikuwa linavuja, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza zaidi. Madukani mabati hayakuwepo. Watu walisema kambini, upande wa pili wa Koboko, bado kuna nyumba zilizoachwa, na mwenye nguvu za kung'oa misumari hakosi kitu. Mimi nilikuwa nimemaliza kujifunza kushona na sikuwa na kazi nyingi. Akaniambia, "Vaa viatu ya kufunga. Tunaenda sisi wawili."

Habari za kambi hiyo nilizisikia tangu utotoni. Wageni walikuja kujenga bwawa la umeme kwenye mto mdogo, wakaleta na reli nyembamba ya kusukumia mabehewa ya mawe kutoka machimboni. Watu wa kwetu, walioijua reli kubwa inayoishia Pakwach, wakaamini kwamba siku moja hizo mbili zitakutana, nasi tutapanda gari moshi kwenda Kampala. Mji ukaota pale: safu za nyumba za wafanyakazi, zahanati, duka, msikiti wa mabati, kanisa la mabati. Mume wa shangazi alikuwa fundi wa zile reli, na waliishi huko miaka kadhaa. Kisha wageni wakaondoka, kazi ikasimama, watu wakatawanyika. Mume wake alifariki baadaye, mjini Arua. Shangazi hakupenda kusimulia maisha yao ya kule, nasi tulizoea kutomuuliza.

Tulipanda lori la tumbaku hadi Koboko, tukalala kwa ndugu, na asubuhi tukaanza kutembea.

Nilitarajia kuona mji. Nilichoona kwanza ni majani yaliyonipita kimo, na katikati yake tuta la udongo lililonyooka ajabu, maana hakuna njia nyingine kule iliyonyooka namna ile. Tukapanda juu yake. Reli zilikuwa bado pale, nyekundu kwa kutu, lakini mbao za chini yake zilishachukuliwa kuwa kuni, na vyuma vililala juu ya udongo mtupu. Behewa moja lilikuwa limepinduka, mchwa wamejenga kichuguu ndani yake.

Shangazi alitangulia bila kusita. "Hapa ilikuwa duka," alisema, akionyesha sakafu ya saruji. "Hapa zahanati. Pale bomba, tulikuwa tunapanga madebe." Nyumba zilikuwa kuta tu. Milango, fremu za madirisha, mabati, vyote vilishakwenda.

"Shangazi, mabati hakuna," nilimwambia.

"Naona," akajibu, akaendelea kutembea.

Bwawa lenyewe lilikuwa ukuta uliofika katikati ya mto ukakoma. Maji yalipita kwenye upande uliobaki wazi, bila haraka. Nilisimama kuutazama kwa muda, kwa sababu miaka yote ile niliambiwa ndio utakaotuletea taa. Nilipogeuka, shangazi alikuwa anatazama moshi.

Ulitoka katika jengo lililokuwa ghala la saruji, ambalo sasa lilikuwa limeezekwa nyasi. Mama mmoja wa rika lake alitoka nje, kitenge amekifunga kifuani, mikono imejaa unga wa muhogo. Alipotuona alisimama.

"Alikuwa jirani yangu," shangazi aliniambia kwa sauti ya chini. "Mkongo. Bwana yake alikuwa anapasua mawe."

"Mama ya fundi," yule mama akaita, akimtaja shangazi kwa kazi ya mumewe. "Wewe iko mzima?"

"Niko. Hukurudi kwenu?"

"Mzee yangu alikufa hapa. Shamba yangu iko hapa. Nitaenda wapi?"

Hawakupeana mikono. Shangazi alitazama chini, kisha akasema, "Nimekuja kuona mtoto."

Nilidhani sikusikia vizuri. Mtoto gani? Lakini yule mama alipangusa unga mikononi, akasema, "Kuja basi," na tukamfuata.

Nyuma ya nyumba za wafanyakazi palikuwa na mteremko, na kwenye mteremko kaburi dogo. Vipande vifupi vya reli vilikuwa vimesimikwa kulizunguka. Majani yote yale yaliyoumeza mji yaliishia kwenye vyuma hivyo. Ndani, udongo ulikuwa umefagiliwa. Shangazi alipiga magoti, akafungua viganja, akasoma dua. Sikujua niweke wapi macho yangu. Ndipo nilipofahamu kwamba nilikuwa na binamu.

Habari kamili alinipa njiani tukirudi. Mtoto alikuwa msichana, ameanza tu kusimama. Homa ilimshika, na yule jirani akaleta dawa ya majani. Mtoto alipofariki, shangazi, kwa uchungu, alisema pale bombani mbele ya watu kwamba dawa ile ndiyo iliyomuua. Tangu hapo hawakusalimiana, ingawa ukuta wao ulikuwa mmoja.

Lakini pale kaburini, kabla sijaambiwa hayo, niliwasikia tu wakizungumza.

"Nilisema maneno mbaya juu yako," shangazi alisema, bado amepiga magoti.

"Ulisema. Nilisikia. Na watu wote ilisikia."

"Na bado unang'oa majani?"

"Mtoto hakusema kitu juu yangu," yule mama akajibu.

Shangazi akalia kwa mara ya kwanza. Yule mama alikaa chini kando yake, na mimi nikaenda kusimama kule relini mpaka waliponiita kula.

Kuanzia hapo kila kiangazi shangazi alikwenda kambini, na yule mama akawa anakuja kwetu Arua na kikapu cha muhogo mkavu, analala kwenye kitanda cha shangazi. Vita vilipofika mwaka 1979, mji mzima ukikimbia, tulikwenda kwake. Alizijua njia zote za mpakani, alituvusha mchana, akatufikisha kwa kaka yake upande wa Kongo, akamwambia, "Hawa ni watu yangu."

Tulipewa kipande cha ardhi. Shangazi na rafiki yake wakalima pamoja, na kila asubuhi nilizisikia sauti zao shambani, wakibishana kuhusu namna ya kupanda muhogo, miti ilazwe au isimame, na hakuna aliyekubali kushindwa.