Uwanja Uliofagiliwa Mno

Mke wangu alistaafu kazi ya usafi akiwa na magoti mabovu na sifa ambayo hata wakubwa wa ofisi ile hawakuwa nayo: kwa miaka ishirini na saba hakuna mtu aliyewahi kulalamikia sakafu yake. Nyumbani ilikuwa vivyo hivyo. Uwanja wetu wa nyuma aliufagia kila alfajiri, mistari ya ufagio ikanyooka, mpaka udongo ukashupaa na kung'aa kama uliopakwa mafuta. Mtaani walimwita Mama Ufagio. Alijifanya kukasirika, lakini nimeishi naye miaka thelathini na minane na najua uso wake unavyokuwa akifurahi.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Alipostaafu nilimtengenezea bembea ya mabomba ili wajukuu wakija wapate pa kuchezea. Wajukuu huja mara mbili kwa mwaka, ila watoto wa jirani hawangoji likizo. Haukuisha mwezi, mke wangu akawa na watoto tisa kila mchana, mama zao wakiwa kazini, na magoti yakasahaulika. Kinara wao alikuwa binti wa miaka sita, mtoto wa mama mmoja fundi cherehani wa nyumba ya pili. Tulimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukupumzika hata akinywa maji.

Siku moja Chiriku aliachia minyororo bembea ikiwa juu. Nilisikia kishindo nikiwa karakana, halafu nikasikia jambo lililonitisha zaidi: Chiriku kanyamaza.

Hapa nitasema ukweli ingawa unaniaibisha. Mke wangu alipokuwa amempakata mtoto, mimi nilikuwa nakagua viungo vya bembea kimoja kimoja. Nikatangaza kwa sauti, "Chuma changu kizima!"

Mke wangu akaniangalia. "Chuma kizima, mkono umevunjika. Sasa tukupigie makofi?"

Nikaiacha bembea. Nikaenda kutafuta usafiri.

Hospitalini, katika chumba cha plasta, mhudumu alikuwa kijana mpole mwenye unga mweupe hadi kwenye nyusi. Alipokuwa akizungusha bendeji kwenye mkono wa Chiriku hakuuliza mtoto ameanguka kutoka wapi. Aliuliza, "Ameangukia nini?"

"Uwanja wangu," mke wangu akasema. "Hauna hata jiwe. Naufagia mwenyewe kila siku."

"Kila siku?" Kijana akaendelea na bendeji. "Basi mama, huo si uwanja. Hiyo ni sakafu."

Hakusema kwa ubaya, lakini neno hilo lilimchoma mke wangu. Fundi cherehani alipofika mbio, tepu ya kupimia bado ikining'inia shingoni, alimshukuru mke wangu kwa kumuwahisha mtoto. Halafu akasema taratibu, "Mama, sikulaumu. Ila Chiriku hatakuja tena kwako." Kufikia mwisho wa wiki, kati ya watoto tisa walibaki wawili, na hao walikuwa wanakuja kwa kutoroka.

Mke wangu alifunga bembea kwa kamba. Siku ya tatu aliniambia nilete mchanga. Nikaleta toroli nane, nikaumwaga chini ya bembea, nikausambaza, nikalala nimechoka na kuridhika.

Alfajiri nikasikia ufagio. Nilipotoka, mchanga wote ulikuwa kwenye kona ya ukuta, umerundikwa kwa ustadi, na chini ya bembea panang'aa. Mke wangu amesimama na ufagio mkononi, macho yamemtoka.

"Mikono, mzee," akasema. "Mikono imefanya yenyewe."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta, naye akacheka. Kisha akaketi juu ya lile rundo na kulia. "Ni mimi niliyemvunja yule mtoto," akasema. "Udongo huu ulikuwa laini tulipohamia. Nimeushindilia mimi, kidogo kidogo, nikijisifu." Niliketi karibu naye. Safari hii sikukagua chuma chochote.

Kuanzia asubuhi hiyo alishika jambo hili kama kazi aliyoajiriwa. Nyasi alizikataa kwa sababu miguu ya watoto huzimaliza chini ya bembea ndani ya majuma machache, na udongo mgumu unabaki palepale. Nikapendekeza vipande vya matairi. Akavipindapinda, akanionyesha nyuzi za waya zilizochomoza, akaniuliza kama nina macho. Maranda kutoka kwa seremala yalikuwa laini, ila tulikuta humo misumari miwili, na upepo wa mchana mmoja ukayahamishia kwa jirani. Tukarudi kwenye mchanga. Hata huo hakuukubali hivi hivi: aliulowesha, akaufinya kiganjani, akafungua mkono. Ule wangu wa toroli nane ulibaki donge. "Huu mvua mbili tu, umekuwa saruji," akasema. Alizunguka kwa wauza mchanga watatu akifinya na kufungua, mpaka akapata ule wa chengachenga, uliooshwa, unaoporomoka hata ukiwa umelowa.

Kisha ukaja mtihani wenyewe. Alipanda bembea yeye, mwanamke wa miaka sitini na mwili wake wote, akaniamuru nisukume.

"Mama, utajivunja."

"Sukuma! Nataka kujua mtoto anatua wapi."

Nikasukuma. Majirani wakapanda juu ya matofali kuchungulia ukutani. Aliruka mara nne, kila mara akitua mbali kuliko nilivyodhani, kila mara nikichora mstari pale alipotua, mbele na nyuma. Godoro letu kuukuu tulilihamisha huku na huku ili atue juu yake, maana mimi si mwendawazimu kiasi hicho. Mistari ilipokamilika, shimo la kuchimbwa lilikuwa kubwa mara tatu ya lile nililokuwa nimelipanga.

Sululu ya kwanza ilidunda, ikanirudia usoni. Hivyo ndivyo udongo wake ulivyokuwa. Alininyang'anya, akapiga yeye, vipande vikaruka kama vya chungu. Tulichimba siku sita, shubiri moja na vidole vinne kwenda chini, tukajaza mchanga wake mpaka juu. Ule uwanja ambao wageni walikuwa wakiusifia sasa ulikuwa umechimbuka na kujaa nyayo. Alisimama akautazama, akavuta pumzi, akaenda kununua reki.

Fundi cherehani alikuja baada ya plasta kutolewa. Alikuja na Chiriku akiwa amemshika mkono barabara. Kiti nilichompa hakukikalia. Alipiga magoti kando ya bembea, akavua tepu shingoni, akawa anazamisha kijiti mchangani na kukipima, hapa, pale, na pembeni kabisa, kama anayepima kitambaa cha mteja msumbufu.

"Sentimita thelathini," akasema. "Leo. Na kesho, watoto wakishauchimba?"

"Kila asubuhi napiga reki. Naurudisha na kuulegeza."

"Mvua ikinyesha?"

"Nangoja ikatike. Halafu napiga reki."

Yule mama alichota mchanga kiganjani, akauacha uporomoke. Mke wangu alisubiri kama mtahiniwa, yeye ambaye wakubwa wa ofisi walikuwa wakimpisha kwenye korido. Kisha fundi cherehani akauachia mkono wa mwanawe.

Chiriku alipanda, akajisukuma, akaenda juu, akaachia. Alitua kwa magoti na kwa mkono uleule. Akanyanyuka, akaugeuza mkono upande huu na upande ule, akakung'uta mchanga kwenye nywele. Nimechomelea mageti ya nusu ya mji huu, na sijawahi kujivunia kazi yoyote kama nilivyojivunia ile ya mke wangu.

Chiriku akatazama alipotua, akakunja uso.

"Bibi! Hapa pamebaki shimo. Lete reki."

Na mke wangu, ambaye katika ndoa yetu yote hajawahi kupokea amri kutoka kwangu, akakimbia.